Teleprinta, teleksi na simu ya upepo: Enzi ambazo Singida ililipia ujumbe kwa neno

KIJANA wa mjini Singida anayesema leo kwamba atapiga simu hutumia neno ambalo halikuanza na mazungumzo. Simu ni neno lenye asili ya Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Kwa miaka mingi Waswahili walilitumia kwa ujumbe wa maandishi uliopita katika waya huo, yaani telegramu, kabla ya chombo cha kuongelea kulichukua jina hilo moja kwa moja. Ndiyo maana wazee walilazimika kutofautisha simu ya maandishi na simu ya mdomo, na baadaye simu ya upepo, ambayo haikuwa na waya kabisa.

Alama za enzi hiyo zimebaki katika karatasi za serikali. Barua nyingi za zamani zina mstari wa "anwani ya simu" juu ya namba ya simu. Wizara ya Elimu ilijulikana kwa neno ELIMU, ya Afya kwa AFYA, na ofisi za wakuu wa mikoa kwa REGCOM, likifuatiwa na jina la mji. Asiyejua huidhani ni namba iliyosahauliwa kuandikwa. Lilikuwa jina fupi lililosajiliwa posta ili mtumaji asilipie maneno manane ya anwani pale ambapo mawili yalitosha.

Kulipia neno ndiko kulikotawala kila kitu katika kazi hiyo: namna ya kuandika, namna ya kutuma, namna ya kutunza nakala, na hata namna ya kupeana habari za msiba.

Waya uliifikia Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kebo ya kampuni ya Kiingereza iliyotoka Aden kwenda kusini mwa Afrika ilitua Zanzibar, na mwaka 1890 kebo nyingine iliiunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Bara iliingiliwa na nguzo, na nguzo ziliandamana na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikikatiza upande wa kusini wa eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida, katika stesheni za Saranda, Manyoni na Itigi.

Kwa mkuu wa stesheni, waya haukuwa anasa. Katika njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili, treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba njia ni tupu. Ukubali huo ulipaswa kuwa na saa na jina la aliyeutoa. Hapa ndipo watu wengi wa bara walipokutana kwa mara ya kwanza na kazi ambayo ndani yake neno lililofika vibaya lingeweza kuua.

Mji wa Singida wenyewe, ulio baina ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, uko mbali na njia hiyo kuu. Katika miaka ya 1930 lilijengwa tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, upande wa Iramba, lakini likang'olewa katika muongo uliofuata. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya Singida kujengewa tena reli kutoka Manyoni. Katika kipindi hicho chote kilichobaki ni barabara ya vumbi, ambayo wakati wa masika huwa ya matope, pamoja na waya. Barua iliweza kukaa njiani siku kadhaa. Mambo yasiyoweza kungoja basi yalipelekwa kaunta ya posta.

Singida ilipofanywa mkoa mwaka 1963, huduma za posta na simu zilikuwa bado za pamoja kwa nchi tatu. Chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 shirika hilo lilikuwa na makao makuu Kampala, na watumishi wa Tanzania, Kenya na Uganda walifundishwa pamoja katika chuo cha Mbagathi, Nairobi. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, ukazaliwa Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo lilirithi mitambo, nguzo, fomu na desturi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo huo na haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Desturi hizo zilianzia kaunta. Mtumaji alipewa fomu yenye miraba, akaandika kwa herufi kubwa. Karani alihesabu maneno mbele yake kwa ncha ya kalamu, akitaja bei, na mara nyingi fomu ilirudishwa ili ipunguzwe. Anwani ilihesabiwa, na jina la mtumaji lilihesabiwa kama akitaka liwemo. Ujumbe wa haraka ulilipiwa zaidi, nao ulitangulizwa mbele ya mingine.

Hapa Kiswahili kilikuwa na faida ambayo Kiingereza hakikuwa nayo. Anayesema kwa Kiingereza kwamba hatakuja hulazimika kutumia maneno manne. Mswahili huandika SITAKUJA, neno moja. NITAKAPOWASILI ni neno moja pia, ingawa kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha herufi, na neno lililozidi kikomo lilihesabiwa mara mbili. Wapo waliojaribu kuunganisha maneno, kama NIMEFIKASALAMA, na karani akayatenganisha, kwa kuwa kanuni zilikataza kuunganisha maneno kinyume cha desturi ya lugha. Ugomvi mdogo wa namna hiyo ulikuwa sehemu ya siku yake.

Lakini faida hiyo ilikuja na hatari yake. Katika Kiswahili ukanushi mara nyingi hukaa katika herufi moja. ATAKUJA na HATAKUJA hutofautiana kwa H tu, na H ndiyo herufi ambayo wasemaji wengi huidondosha hata midomoni. Ikipotea njiani, sentensi inabaki sahihi na maana inageuka. ATAFANYIWA UPASUAJI si sawa na HATAFANYIWA UPASUAJI, na mpokeaji aliye kijijini Mgori au Sepuka hakuwa na namna ya kushuku. Njia salama ilikuwa kulipia neno la ziada. Katika HAWEZI KUJA, H ikidondoka hubaki AWEZI, kosa linalojitangaza lenyewe. Karani mzuri alilishauri hilo kaunta, ingawa mteja alidhani anaongezewa gharama.

Habari za kifo zilikuwa na lugha yake. BABA HALI MBAYA NJOO UPESI ilisomwa na wengi kama taarifa kwamba mzee amekwisha kufariki, na kwamba waliobaki nyumbani hawakutaka msafiri apate mshtuko akiwa peke yake mjini. Tatizo ni kwamba mgonjwa kweli naye aliandikiwa maneno hayo hayo. Wafanyakazi waliotoka Singida kwenda Dar es Salaam, Arusha au kwenye mashamba ya mkonge walipanda basi bila kujua wanakwenda hospitalini au makaburini. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalikuwa wazi zaidi, ila yalitegemea kama kuna redio karibu na betri zenye nguvu.

Nyuma ya kaunta ndiko zilikokaa mashine. Za kwanza zilikuwa vitufe vya Morse, ambavyo vilihitaji mtu mwenye sikio lililozoezwa. Teleprinta iliondoa hitaji hilo. Msingi wake ulikuwa alama za mipigo mitano zilizobuniwa na Mfaransa Émile Baudot katika miaka ya 1870, zikapangwa upya na Donald Murray wa New Zealand mwanzoni mwa karne ya 20. Frederick Creed, mzaliwa wa Kanada aliyehamia Uingereza, alijenga kiwanda Croydon kilichotoa mashine zilizoenea katika ofisi za posta za dola ya Kiingereza. Wajerumani wa Siemens walikuwa na zao, na ofisi nyingi duniani zilichanganya za aina zote mbili.

Mashine hiyo ilifanana na taipureta nzito yenye mota. Aliyebonyeza A Singida alipeleka mipigo katika waya, na mashine ya upande wa pili ikaichapa A hiyo bila mtu kuigusa. Kasi ya kawaida ilikuwa herufi 400 kwa dakika, takriban maneno 66. Wachapaji wachache walifika hapo. Kwa hiyo ujumbe mrefu ulitobolewa kwanza katika utepe wa karatasi, mashine ikiwa haijaunganishwa na waya, kisha utepe ukapitishwa wote kwa mkupuo. Katika teleksi, ambayo ililipiwa kwa dakika badala ya neno, utepe huo ulikuwa akiba halisi ya fedha. Waliozoea kazi waliweza kusoma matundu kwa macho kama wengine wasomavyo gazeti.

Mipigo mitano hutoa alama 32 tu, na alfabeti peke yake huchukua 26. Ufumbuzi wake ulikuwa wa ujanja: alama ile ile hutumika mara mbili, mara kama herufi, mara kama tarakimu, kutegemea kitufe cha kubadilishia kilichobonyezwa kabla yake. Kwa mkoa wa wafugaji, ujanja huo ulikuwa kero. Neno ng'ombe lina kibainishi, na kibainishi kilikaa upande wa tarakimu. Mchapaji aliandika N na G, akabadilisha, akaweka kibainishi, akarudisha upande wa herufi, ndipo akamalizia. Kama alama ya kurudisha ilipotea kwa hitilafu ya waya, mashine ya mbali ilichapa NG'9.?3. Mpokeaji mzoefu hakuomba irudiwe. Alijua kwamba 9 ni O, nukta ni M, alama ya kuuliza ni B, na 3 ni E.

Kinyume chake kilikuwa kibaya zaidi. Shilingi 8500 zilizofika bila alama ya tarakimu zilitokea kama ITPP, na hilo angalau lilionekana. Lakini mfumo huo haukuwa na njia yoyote ya kujikagua. Mpigo mmoja ukiongezeka, E hugeuka A, na MELI IMEWASILI ikawa MALI IMEWASILI, bila onyo. Tarakimu moja ikigeuka nyingine, hata macho ya mzoefu hayakusaidia. Kwa sababu hiyo tarakimu zote zilirudiwa mwishoni mwa ujumbe, na kiasi cha fedha kiliandikwa pia kwa maneno. Ofisi iliyoacha kurudia ili kuokoa muda ililipa baadaye.

Kitufe kimoja kiliuliza "wewe ni nani?", na mashine ya mbali ilijibu yenyewe kwa jina lake, hata kama chumba kilikuwa kitupu na taa zimezimwa. Jibu hilo lilipochapwa mwanzoni na mwishoni mwa ujumbe wa teleksi lilichukuliwa kuwa uthibitisho kwamba waya haukukatika katikati na kwamba ujumbe umefika mahali palipokusudiwa. Kitufe kingine kilipiga kengele upande wa pili, kumwamsha au kumwita aliyekwenda kunywa chai.

Mazingira ya kazi hayakuwa mepesi. Mota zilinguruma mchana kutwa, nyundo za chuma ziligonga, mafuta ya mashine yalichanganyika na vumbi la nje, na utepe wa wino ulitumika hadi maandishi yakawa kivuli. Vipuri viliagizwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi haikuwa nazo za kutosha mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Nguzo za mbao ziliwindwa na mchwa. Nyaya za shaba nazo ziliwindwa na watu. Huko Kenya, mwanzoni mwa ukoloni, Wanandi walizikata za reli wakajitengenezea mapambo.

Waya ulipokatika, ilibaki simu ya upepo. Polisi na ofisi za utawala zilitumia redio kuwasiliana na wilaya, na hospitali za misheni zilizo mbali na barabara zilikuwa na ratiba zao za kuitana hewani. Redio ilikuwa na aibu moja: kila mwenye chombo alisikia. Habari ya mgonjwa, ya mhalifu anayetafutwa, au ya gunia ngapi za mahindi ya njaa zimebaki ghalani, ilipita masikioni mwa wasiohusika. Posta na simu zilikuwa na kiapo cha siri, na mtumishi aliyetoa nje yaliyomo katika simu ya mtu alivunja sheria. Katika mji mdogo, ambako karani alijua kabla ya familia nani amefiwa, nani amefukuzwa kazi na nani ameshinda zabuni, kiapo hicho kilikuwa mzigo wa kila siku.

Ujumbe uliopokelewa ulikunjwa katika bahasha, ukakabidhiwa tarishi mwenye baiskeli. Huyu alirudi na sahihi ya aliyeupokea. Kwa wenye sanduku la posta pekee, simu iliweza kulala humo hadi mwenyewe apite, au ipelekwe kwa mwalimu mkuu, padri, mchungaji au mwenye duka, aliyeifikisha kwa mkono wa mtoto wa shule.

Serikalini safari iliendelea hadi masijala. Hapo simu iligongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika rejesta ya zinazoingia, ikapewa namba ya folio na kufungwa katika jalada lake. Zenye uzito zilikwenda masijala ya siri. Aliyetuma alibaki na nakala ya karatasi kaboni. Tarishi alipopeleka karatasi ofisi ya jirani alibeba daftari la dispachi, na aliyepokea alitia sahihi. Vijana wa sasa huyacheka madaftari hayo, na kweli yalichelewesha mambo mengi. Lakini mkuu wa wilaya aliyeomba tani kadhaa za chakula mwaka wa ukame aliweza kuonyesha siku na saa aliyoomba, na aliyekawia kujibu hakuweza kudai kwamba hakuambiwa. Barua iliyoanza kwa maneno "yahusu simu yako ya tarehe" ilikuwa imekwisha kumfunga mwandikiwa. Simu ya mdomo haikuwa na nguvu hiyo, ndiyo sababu maofisa waliagana kwa kusema "nithibitishie kwa maandishi."

Fedha nazo zilipita humo. Hawala ya simu ilimwezesha mtumishi wa Dar es Salaam kumlipia mdogo wake ada Singida bila kungoja barua. Posta ya huku ilipokea maelekezo kwa waya na kulipa kutoka kasha lake, kama kasha lilikuwa na kitu. Benki zilitumia teleksi kwa tahadhari zaidi. Kila agizo la malipo lilibeba namba ya siri iliyokokotolewa kutokana na tarehe, kiasi na majedwali yaliyofungiwa. Karani wa upande wa pili alikokotoa upya, na namba zisipolingana, fedha hazikutoka hata kama meneja mwenyewe amesimama hapo.

Kwa wasomaji wa magazeti, habari za mikoani zilitegemea chumba hicho hicho. Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1976, lilikuwa na waandishi mikoani, na taarifa zao zilifika Dar es Salaam kwa waya kabla ya kuchapwa katika Uhuru na Daily News. Habari iliandikwa kwa kubana, yenye uzito mwanzoni, kwa kuwa hakuna aliyejua waya utakatika wapi. Mtindo huo umebaki katika vyumba vya habari, ingawa waya haupo. SHIHATA lenyewe lilivunjwa mwaka 2000.

Wakati huo mashine zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1994, posta upande mmoja na kampuni ya simu TTCL upande mwingine, na mwaka huo huo huduma ya kwanza ya simu za mkononi ilianza nchini. Faksi ilikuwa imechukua kazi ya teleksi maofisini, na baada yake ikaja baruapepe. Duniani kote mlango ulifungwa taratibu: Western Union ya Marekani ilituma telegramu ya mwisho mwaka 2006, na India ikafunga huduma yake ya serikali Julai 2013.

Kitu kimoja cha teleksi kilihamia mfukoni bila watu kujua. Mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, alipokuwa akipendekeza katikati ya miaka ya 1980 ukubwa wa ujumbe mfupi wa simu za mkononi, aliangalia postikadi na ujumbe wa teleksi, akaona kwamba hata wafanyabiashara walimaliza walichotaka kusema kwa herufi zisizozidi 150 hivi. Kikomo kikawa herufi 160. Hawala ya simu nayo ilirudi kwa sura nyingine mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, ikiwa na jina la mpokeaji, saa, kiasi na namba ya kumbukumbu, karibu mambo yale yale ambayo karani wa posta aliyaandika kwa kalamu.

Teleprinta zenyewe hazikupata mahali pa heshima. Chuma kizito kisicho na vipuri huuzwa kwa kilo, na ofisi zilizohitaji nafasi kwa ajili ya kompyuta hazikuwa na sababu ya kuvitunza. Karatasi ndizo zilizodumu zaidi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu nyaraka za ofisi za umma, zikiwemo simu zilizofungwa katika majalada ya mikoa na wilaya. Atakayefungua jalada la miaka ya 1970 ataona maandishi ya kaboni, ya zambarau au meusi, yakisomeka bado, pamoja na saa ya kutumwa na vifupisho vya jina la aliyechapa. Akifika kwenye kurasa za mwanzoni mwa miaka ya 1990 atakuta karatasi laini za faksi, ambazo joto na mwanga vimezifuta, na nyingi kati ya hizo sasa ni nyeupe tupu.